Mtoto Mwenye Mguu Kifundo

Mahubiri juu ya Hosea 11:1-4, kwa washarika wa Ipagala, Dodoma



Jumapili iliyopita nilihubiri juu ya maneno ya nabii Hosea, nikaahidi kwamba nitayaandika niliyoyanena, kwa sababu baadhi ya walimu hawakuwapo. Tena iko sababu ya pili: sikuyanena yote. Mtu husimama mimbarani, akauona uso wa mkewe katika benchi la tatu, na ulimi ukamwia mzito. Kalamu haina haya kama ulimi. Basi leo nayaandika na yale yaliyosalia.

Katika somo lile Mungu hasemi kama mfalme, wala kama jemadari, wala kama hakimu, ingawa yote hayo ni haki yake. Asema kama mzazi. Anazikumbuka siku ambazo Efraimu alikuwa mdogo, hajui bado kwenda, naye mwenyewe akamshika mikono akimwongoza hatua kwa hatua. Kisha anatoa neno la huzuni: mtoto yule hakutambua kwamba aliyemponya ni nani. Nimelisoma neno hili miaka mingi, nikalihubiri pia, nikadhani nimelielewa. Sikulielewa hata nilipopewa mtoto wa nne.

Mtoto huyu alizaliwa wakati wa kiangazi, katika mwezi ule ambao upepo wa Dodoma huchukua vumbi lote la Ipagala na kulitia nyumbani mwa watu, hata ugali huliwa na mchanga. Mkunga alimfunga katika kanga, akampa mama yake, asiseme neno. Nilipoingia, mke wangu alikuwa ameifunua kanga upande wa miguuni, anatazama. Nyayo zote mbili zilikuwa zimegeukia ndani, zikielekeana kama viganja vya mtu aombaye, na visigino vimepanda juu. Nikaugusa mguu mmoja kwa kidole. Haukuwa mlegevu kama mguu wa mtoto aliyeulalia vibaya tumboni. Ulikuwa umekaza katika umbo lile. Jina lake ni mguu kifundo.

Katika Ipagala tunakaa watu wa namna nyingi. Wako Wagogo, wenye nchi, na wako waliokuja kutoka Singida, Iringa, Kilimanjaro na kwingineko, nao wamezidi sana tangu Dodoma ilipofanywa kuwa jiji mwaka 2018. Lakini katika jambo hili niliona ya kuwa makabila yote yana mila moja: wote walimtazama mama. Huyu aliuliza alikula nini katika mimba yake. Yule aliuliza alimcheka nani. Wa tatu akanong'ona habari za mkosi wa ukoo. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema nimpendaye, alikuja jioni, akaketi, akanywa chai, akazungumza habari za mvua na bei ya uwele, na mwisho akauliza kwa sauti ya chini, "Mchungaji, kuna neno gani nyumbani kwako?"

Swali lake lilikuwa lile lile ambalo wanafunzi walimwuliza Bwana Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Mnalijua jibu lake, katika Yohana sura ya 9: hakosi kipofu, wala hawakukosa wazazi wake, kwa habari ya upofu ule. Nilimjibu mzee kwa jibu hilo, naye akakubali, akaenda zake. Lakini usiku, wote walipokuwa wamelala, nilikaa peke yangu nikizihesabu dhambi zangu za ujana, moja moja, nikitafuta ile yenye umbo la mguu. Nanena haya ili mjue kwamba mtu aweza kuwa na jibu la Bwana kinywani, na swali la wanafunzi likabaki moyoni.

Waliojifunza mambo haya husema kwamba katika kila watoto 1,000 wazaliwao, mmoja hivi huwa na mguu wa namna hii. Wavulana ni kama mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao huwa na miguu yote miwili. Huzaliwa Ulaya, huzaliwa Marekani, huzaliwa Uhindi, huzaliwa na hapa kwetu. Katika nyumba za watu wenye kusali na za watu wasiosali. Chanzo chake chote hakijajulikana, ila mara nyingine huonekana kufuata ukoo, kama vile urefu wa mwili au umbo la uso. Si jicho la mtu. Si laana. Wala si ugonjwa mpya: Hippocrates, yule tabibu wa Wayunani aliyeishi miaka 400 hivi kabla ya Kristo, aliandika habari zake, akashauri mguu unyoshwe kwa mikono polepole, ukafungwe kwa vitambaa, mtoto angali mchanga kabisa. Ni ajabu kwamba shauri hilo la upole lilisahauliwa kwa vizazi vingi, watu wakatumia nguvu na vyombo vya kubana, baadaye na visu.

Aliyeurudisha upole huo alikuwa Ignacio Ponseti, mtu wa kisiwa cha Menorca katika Hispania, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1914. Baba yake alikuwa fundi wa saa, naye kijana alimsaidia kazi hiyo. Nadhani huko ndiko vidole vyake vilikojifunza kwamba kitu kidogo hakitengenezwi kwa hasira. Alitibu majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, akakimbilia Ufaransa, kisha Mexico, na mwaka 1941 akafika Iowa katika Marekani. Huko aliona ya kuwa watoto waliopasuliwa sana miguu, walipokua, miguu yao ilikuwa migumu tena yenye maumivu. Akatafuta njia nyingine, ya mikono na plasta. Mwaka 1963 alitangaza aliyoyaona, na madaktari wengi hawakumsikiliza kwa muda wa miaka 30 na zaidi. Hakugombana nao. Aliendelea kuifunga miguu ya watoto. Alipofariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 95, njia yake ilikuwa imekwisha kushika dunia nzima. Afrika Mashariki iliingia Uganda mwaka 1999 kwa kazi ya madaktari wawili wa Canada, Norgrove Penny na Shafique Pirani, na huyu wa pili ni mzaliwa wa Uganda. Wakawafundisha waganga wasaidizi wa hospitali, wala si madaktari wakubwa tu, kuifanya kazi hiyo. Katika nchi yetu watoto hutibiwa kwa njia hii CCBRT huko Dar es Salaam, KCMC huko Moshi, Bugando huko Mwanza, na mahali pengine pia. Mwenye mtoto wa namna hii aulize kwanza katika kliniki anakompeleka mtoto kupimwa uzito, aelekezwe palipo karibu.

Sasa nitawaeleza kazi yenyewe, kwa maana watu wengi hukimbia wakiona plasta, wakidhani mtoto amevunjwa.

Mtoto mchanga mifupa yake ya nyayo bado ni laini, na mishipa yake huvutika. Basi mtibu huushika mguu kwa vidole, akaunyosha kidogo, kwa kadiri uwezavyo kwenda siku hiyo, wala hapiti hapo. Kisha huuzungushia pamba na plasta, ambayo wengi huiita hogo, tangu vidole mpaka pajani, goti likiwa limekunjwa. Baada ya siku saba plasta hutolewa, mguu ukanyoshwa tena kidogo, ikafungwa nyingine. Hivyo mara tano, au sita, au saba. Plasta ya kwanza humtisha mzazi, kwa kuwa huonekana kana kwamba inaupindisha mguu zaidi. Maana wanaanza kwa kuiinua sehemu ya mbele ya unyayo, ndipo wauelekeze wote upande wa nje. Kisigino huja mwisho. Kwa watoto walio wengi, kano ya kisigino ni fupi mno, hukatwa kwa kisu kidogo baada ya kutiwa dawa ya ganzi, kisha plasta ya mwisho hukaa majuma matatu, na kano hujiunga yenyewe katika urefu wake mpya. Nilikuwapo siku ile. Kulikata hakukuchukua muda mrefu kuliko Baba Yetu. Mimi niliyemshika mtoto ndiye niliyeambiwa nikaketi chini nisije nikaanguka.

Akina mama wanaijua kazi hii kuliko sisi. Walinifundisha kwamba mtoto asinyonyeshwe barabarani akienda kliniki, bali afike na njaa, apewe titi wakati ule ule mguu unapofungwa. Atulie kwa mama huku wengine wakishughulika na miguu. Walinifundisha kuvitazama vidole vya mguu asubuhi na jioni: vikiwa na damu yake na joto lake, vema, vikivimba, au vikipauka na kuwa baridi, au vikizama ndani ya plasta visionekane, msingoje siku ya kliniki, rudini upesi. Plasta isilowe mkojo wala maji. Na siku ya kuitoa, huloweshwa katika beseni mpaka ilegee. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo halimo katika kitabu cha tabibu. Sisi watu wa Dodoma twajua thamani ya ndoo ya maji mwezi wa Oktoba. Jirani yetu, mwanamke wa Kigogo asiye wa kanisa letu, alikuwa akituletea ndoo yake jioni ya kila siku ya kuamkia kliniki, akaiweka mlangoni, akasema "Mbukwa," akaenda. Hakuuliza kuna neno gani nyumbani.

Nilikwenda na mke wangu mara nyingi kadiri nilivyopata nafasi. Katika benchi la kliniki walikaa akina mama, na mabibi, na dada waliobeba watoto wa kaka zao. Akina baba tulikuwa wawili. Mmoja wa wanawake wale alitoka mbali, alikuwa amelala kwa ndugu usiku ule kwa sababu basi lao hufika jioni. Akasema mumewe amekataa kumpa nauli ya juma la nne, akinena kwamba mtoto huyu si wa ukoo wake, kwao hakuna miguu ya hivyo. Sijui kama alirudi juma la tano. Nilimtazamia, sikumwona. Wapendwa, nauli ya basi ndiyo iliyosimama kati ya mtoto yule na kwenda kwake, nami nilikuwa na sadaka ya wahitaji katika sanduku la usharika, lakini akili haikunijia mpaka benchi lilipokuwa tupu.

Mtaniuliza, Je, plasta zikiisha mtoto amepona? Hasha. Hapo kazi inatoka mikononi mwa mtibu na kutiwa mikononi mwa baba na mama. Mtoto hupewa viatu viwili vilivyounganishwa kwa fimbo ya chuma, upana wa mabega yake, vikielekea nje. Miezi mitatu huvivaa mchana na usiku, saa 23 katika saa 24. Ile saa moja ni ya kumwosha. Baada ya hapo huvivaa usiku na anapolala mchana, hata afikie umri wa miaka minne hivi. Miaka minne! Mguu ulionyoshwa una kumbukumbu ya upotovu wake, na usiposhikwa hurudi. Watoto wengi ambao miguu yao hurudi, hurudi kwa sababu viatu viliachwa.

Wala si jambo jepesi. Usiku wa kwanza na wa pili mtoto hulia sana, hajui kwa nini miguu yake imetiwa kifungoni, na wale wanaomfunga ndio anaowalilia wamfungue. Mama mkwe husema, "Mwacheni mtoto apumzike." Majirani husema, "Huo ni ukatili." Na wewe mwenyewe unaona miguu imekwisha nyoka, mizuri, unasema moyoni, kwani lazima? Ndugu zangu, Hosea anasema kwamba kamba ambayo Mungu aliwavutia watu wake ilikuwa ya namna iwafaayo wanadamu, nayo ilikuwa ya upendo. Zamani nilidhani ni kamba laini, labda ya hariri. Sasa najua ya kuwa aweza kuwa ni ukanda wa ngozi, unaokazwa mpaka kisigino kigote chini ya kiatu, huku mtoto akikutazama machoni na kulia. Katika nyumba yetu hatukupata bado kumfunga mtoto kwa hasira. Tulimwimbia, tukaichezesha miguu yote miwili pamoja, juu na chini, mpaka akajua kwamba akiinua mmoja na mwingine huja. Tukazitazama alama nyekundu katika ngozi asubuhi. Mke wangu alifanya hivi kila usiku. Kila usiku, nasema, yeye.

Sasa nafika mahali ambapo siku ile mimbarani nilipita upesi.

Mtoto alipokuwa na miezi minane, mke wangu alipata habari ya msiba kwao Singida, akaenda kumzika kaka yake, akakaa huko siku 11. Kabla ya kuondoka alinionyesha tena jinsi ya kufunga: ukanda wa katikati kwanza, kisha vidole, kisha kisigino, nikasema najua. Usiku wa kwanza nilimfunga. Alilia akimtaka mama yake, nami nikadhani analilia viatu. Usiku wa pili nilikuwa na hotuba ya mkutano wa wazee kuiandika; akalia tena; nikavivua, akanyamaza, nami nikamshukuru Mungu kwa kimya kile. Usiku wa tatu sikuvitwaa kabisa mahali vilipokuwa, juu ya dirisha. Nikajiambia, kesho. Nikajiambia hivyo mpaka siku ya 11.

Mke wangu aliporudi alimfunga usiku ule ule, naye mtoto akapiga kelele kama siku ya kwanza. Siku ya kliniki ilipofika, kisigino cha kushoto hakikukaa tena vema. Mtibu aliushika mguu, akauelekeza huku na huku, kisha akamtazama mke wangu, si mimi, akauliza kwa upole, "Mama, viatu anavaa kila usiku?" Mke wangu alinyamaza kidogo. Mimi niliketi kando yake, kola ya uchungaji shingoni, nikanyamaza zaidi. Akajibu, "Nilisafiri msibani." Hakuongeza neno. Basi maonyo yote yaliyofuata, nayo yalikuwa ya haki, yalimwangukia mwanamke ambaye hakuwa amekosa hata usiku mmoja. Adamu alimtupia mkewe lawama kwa maneno. Mimi niliweza kwa kunyamaza.

Plasta zikarudi katika mguu wa kushoto, majuma matatu.

Tulipokuwa tukingoja daladala, katika vumbi na kelele za makondakta, nilimwambia, "Mama, hukukosa wewe. Mimi sikumfunga." Akamhamisha mtoto bega la pili, akasema, "Nilijua, Baba. Niliporudi mikanda ilikuwa na vumbi." Nikangoja aseme mengine, kwa kuwa nilistahili. Akasema tu, "Leo usiku utafunga wewe, nami nitatazama."

Katika sura ile ile ya Hosea, mbele kidogo, Mungu anasema kwamba moyo wake umegeuka ndani yake, hawezi kumtoa Efraimu. Anayesema hivyo ameyaona yote. Ameona vumbi katika mikanda. Wala hasemi kwamba si kitu. Mguu uliorudi umerudi, na plasta ni lazima zianze tena. Lakini anaanza tena. Sijui kama mtu aweza kuhubiri juu ya msamaha wa dhambi kabla hajasamehewa jambo moja ambalo lina jina na siku na mahali. Mimi nililisamehewa kituoni pa daladala.

Tena liko neno la Mefiboshethi, ambalo sina budi kulitaja, nisije nikawadanganya wengine. Yeye hakuzaliwa kiwete. Alikuwa na miaka mitano, mlezi wake akamchukua kukimbia baada ya habari za vita, na katika haraka ile akaanguka. Ndivyo ilivyoandikwa katika 2 Samweli 4. Mlezi yule hakuwa mwovu. Alikuwa na haraka. Na katika sura ya 9 twasoma kwamba Daudi alimketisha mezani pake daima, na mwandishi anaimaliza habari hiyo kwa kukumbusha kwamba mtu huyo alikuwa kiwete miguu yote miwili. Hakuponywa ndipo aketi. Basi katika usharika wetu wako watu wazima ambao utoto wao haukukutana na plasta wala viatu. Wanakwenda kwa upande wa juu wa unyayo, penye ngozi nene yenye kupasuka, wakichelewa kufika. Nafasi yao ni ile iliyo karibu na meza ya Bwana. Nimeona tukiwawekea benchi la nyuma mlangoni, tukisema ni kwa ajili ya kuwapunguzia mwendo. Wazee waliangalie jambo hili.

Nanyi walimu wa mitaa, sikieni. Ninyi ndio mwaingiao nyumbani mwa watu kabla ya mchungaji. Mtoto hufichwa, hufungwa kanga mpaka siku ya ubatizo, nasi twanyunyiza maji kichwani bila kuyajua yaliyo miguuni. Mkienda kumsalimu mzazi, furahini naye, kisha mwombe mumwone mtoto wote, tangu kichwa mpaka vidole. Mkiona mguu wa namna hii, msitoe hotuba. Semeni jina lake, semeni kwamba hutibika, na kwamba ni vema aanze katika majuma ya kwanza. Lakini hata aliyekwisha anza kutembea asikatishwe tamaa, apelekwe, kwa maana wengi wa hao pia wamesaidiwa kwa plasta hizo hizo. Mwiteni baba, mwambieni mbele ya mkewe kwamba hili si kosa la mke. Ulizeni habari ya nauli, waziwazi, kwa hesabu: majuma mangapi, shilingi ngapi kwenda na kurudi. Halafu nileteeni hesabu hiyo. Baraza la wazee limekwisha kukubali kwamba sanduku la wahitaji lifunguliwe kwa ajili ya jambo hili.

Na mtu akiwaambia kwamba kumpeleka mtoto hospitali ni upungufu wa imani, mfungulieni Matendo ya Mitume sura ya 3. Kiwete wa mlango wa hekalu aliponywa kwa jina la Yesu, na Petro alimshika mkono wa kuume akamwinua. Luka, aliyekuwa tabibu, hakuacha kutuandikia ni sehemu zipi za mguu zilizopata nguvu: nyayo na vifundo. Tena kabla ya siku ile, walikuwako watu waliombeba mtu yule kila siku mpaka mlangoni, naye alikuwa amepita umri wa miaka 40. Majina yao hayakuandikwa. Nadhani wengi wetu tumeitiwa kazi ile ya kubeba.

Mtoto wetu sasa ana miaka mitatu na miezi. Jumapili hukimbia katika njia ya kati ya mabenchi kabla sijamaliza matangazo, na visigino vyake vyote viwili vinalia juu ya sakafu ya saruji, hata wazee hugeuka. Mguu wa kushoto ni mwembamba kidogo katika ndama kuliko wa kulia, nao labda utabaki hivyo. Yeye hajui lolote. Hazikumbuki plasta, wala ndoo ya jirani, wala siku 11 zile. Ukimwuliza viatu vile vya chuma ni vya nini, hukujibu kwamba ni vya kulalia, kana kwamba watoto wote wa Ipagala hulala hivyo. Usiku huu akikaribia kulala atavileta mwenyewe mkononi, kimoja kikiburuta kingine. Ni zamu yangu.